Timazi Mkononi mwa Mtoto

Katika mfuko wa fundi mwashi, timazi ndiyo kifaa rahisi kuliko vyote: kipande cha chuma chenye ncha, uzi, na kibao cha kushikia. Ukiining'iniza ukutani Kitale, inakuonyesha chini ni wapi. Ukiibeba hadi Bungoma, inakuonyesha tena bila kurekebishwa popote. Mzee ninayetaka kumsimulia hapa ni Mbukusu aliyejenga nyumba katika miji hiyo miwili kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ukitega jicho konani na kuutazama ukuta wake toka mwanzo hadi mwisho, huoni tumbo wala mgongo. Kuta hizo zinajisemea zenyewe. Kinachonifanya nishike kalamu ni namna anavyomweleza mjukuu wake kwa nini vitu huanguka.

Mtoto huyo yuko Gredi ya Nne, na shule zikifungwa humfuata babu yake kwenye mjengo. Siku moja aliitazama timazi ikitulia kando ya kona, akamuuliza babu, ambaye humwita Kuka: "Kuka, mbona hii inaangalia chini tu?"

Wengi wetu tungemjibu kwa neno moja, graviti, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Nimewaona watoto wakipewa neno hilo. Hutikisa kichwa kwa adabu na kunyamaza, kwa sababu wamepewa jina la jambo badala ya jambo lenyewe. Mzee hakufanya hivyo. Alimpa uzi aushike. "Haya, mama, iambie ielekee mlangoni." Mtoto akaisukuma. Ikaenda, ikarudi, ikapita upande wa pili, ikarudi tena, hatimaye ikatulia palepale. "Imekataa, Kuka." "Sukuma tena, uone kama itabadilisha nia." Akamwacha hapo, akarudi kwenye karai lake, maana simiti haimsubiri mtu.

Kuondoka huko ndiko kulikonivutia kwanza. Alijua jibu, mtoto alilitaka, na bado alimwachia swali. Alipomrudia, tayari mtoto alikuwa amejigundulia kwamba chini si mahali watu walipokubaliana kupaita chini. Chuma kinapajua chenyewe, na ukikizuia kinangoja tu uuachilie uzi.

Somo la pili lilifanyika juu ya jukwaa la mbao. Mzee alishika nusu ya tofali mkono mmoja, na mkono wa pili kokoto. Kipi kitafika kwanza? Mtoto alisema tofali, tena bila kusita. Hapa mzee alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika kitabu chochote cha shule: alimwambia asitazame. "Funga macho, usikilize." Jicho lililokwisha kuamua huona lilichoamua, lakini sikio husikia kishindo kimoja au viwili. Kutoka kimo cha mita tatu anguko halifiki hata sekunde moja. Kikasikika kishindo kimoja. Mtoto akadai kirudiwe, kikarudiwa. Kisha mzee akaangusha jani la mahindi, likachelewa na kuyumbayumba, naye akamuuliza ni nani aliyelichelewesha. Baada ya kufikiri kwa muda, mtoto akapunga mkono hewani. Mwaka 1971 David Scott, mwanaanga wa Apollo 15, aliangusha nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa Mwezini, ambako hakuna hewa ya kuchelewesha chochote, vikagusa vumbi wakati mmoja. Nilipomsimulia mzee kisa hicho alicheka kwa furaha, akasema laiti angekuwapo asikilize. Nikamwambia huko hata sauti haipo, kwa kuwa sauti nayo husafiri kwa hewa. Hilo likampa kazi ya kufikiri jioni nzima.

Swali gumu zaidi lilikuja wakati wa chai. Mwalimu amesema dunia ni mviringo. Basi watu wa upande wa chini wanashikilia nini? Mzee alichukua chungwa, akalichomeka njiti za kiberiti pande zote, kila njiti ikielekea katikati. Kila njiti ni timazi, akasema. Akamtaka mtoto amwonyeshe iliyo juu chini. Mtoto akaligeuza chungwa, akaligeuza tena, asiipate, kwa sababu kila njiti ikifika juu huonekana imesimama sawa. Kisha mzee akaziweka njiti mbili karibu karibu: hii Kitale, hii Bungoma. Je, zimelingana kabisa, kama nguzo mbili za mlango? Hazikulingana. Zilikuwa zimeachana kidogo upande wa juu. Ndivyo zilivyo kweli. Kati ya miji hiyo kuna kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo timazi ya Kitale na ya Bungoma hutofautiana kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kuta mbili zilizojengwa na fundi huyuhuyu, kila mmoja ukiwa wima kabisa, hazisimami sambamba.

Mwezi aliuacha hadi ulipoulizwa, nao uliulizwa: mbona hauanguki? Mzee alianza mbali, juu ya Chetambe, kile kilima cha karibu na Webuye ambako Wabukusu walipambana na Waingereza mwaka 1895. Ukisimama huko ukarusha jiwe kwa ulegevu, litaanguka karibu. Ukirusha kwa nguvu, litafika mbali zaidi. Je, akipatikana mtu wa kulirusha hadi lipite Bungoma, lipite ziwa, na kila linapoinama kuanguka, ardhi nayo iwe inajikunja mbele yake? Mtoto alinyamaza kwa kitambo, halafu akasema, "Litakuwa linaanguka tu, halifiki." Isaac Newton naye alitumia hoja hiyohiyo, akaufikia Mwezi humo. Mwendo unaohitajika karibu na ardhi ni kama kilomita 7.9 kwa sekunde, kasi ambayo ingelitoa jiwe Kitale na kulifikisha Bungoma kabla ya sekunde kumi kwisha. Mwezi wenyewe uko mbali na kiini cha dunia mara 60 kuliko sisi, na mvuto huko hupungua mara 60 kwa 60. Tofali lililoachiliwa Kitale hushuka karibu mita tano katika sekunde ya kwanza. Mwezi, katika kila sekunde, huinama kuelekea kwetu kwa milimita 1.4 hivi. Unaanguka usiku na mchana.

Kuna jambo moja nililomletea mimi, na namna alivyolipokea ilinifundisha ufundi wake kuliko yote niliyotazama. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyojitenga na kiini cha dunia, na mvuto hulegea. Nikapiga hesabu: gunia la mahindi la kilo 90 lililopimwa Bungoma kwa mizani ya springi, likipimwa Kitale kwa mizani ileile, litakuwa jepesi kwa gramu 10 hivi. Nilijivunia hesabu hiyo. Mzee aliisikiliza, kisha akauliza gramu 10 ni punje ngapi. Tukakadiria thelathini. Akamwita mtoto, akamhesabia punje thelathini kiganjani. "Gunia likipanda Kitale, dunia inaacha kuvuta kiasi hiki. Lakini ukilifungua, hakuna punje iliyopotea." Mtoto akakunja ngumi juu ya punje hizo, akauliza tukitumia mizani ya kulinganisha na mawe itakuwaje. Mimi ndiye niliyepaswa kulitaja hilo mapema. Mawe nayo yanapanda Kitale na kulegea vilevile, kwa hiyo mizani hiyo haitaona tofauti yoyote.

Juzi walikuwa wakijenga mahali ambapo Mlima Elgon unaonekana wote, mawingu yakiwa yamejiondoa. Mtoto alikuwa amekwisha kuelewa kwamba dunia huvuta kwa sababu ni kubwa mno, ndipo akauliza kama mlima nao, kwa kimo chake cha mita 4,321, hauvuti. Unavuta. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alithibitisha kwenye mlima Schiehallion, Scotland, kwamba timazi huinama kidogo sana kuelekea mlimani, akitumia nyota kupima kiasi ambacho jicho la fundi haliwezi kukiona. Elgon nao unaivuta timazi ya Kitale kuelekea magharibi, na ya Bungoma kuelekea kaskazini.

"Na mimi, Kuka? Naivuta?"

"Unaivuta, mama. Na yenyewe inakuvuta."

Mzee hakusema hivyo ili kumfurahisha. Henry Cavendish alipima mvuto wa mipira ya risasi ndani ya chumba mwaka 1798, akichungulia kwa darubini kutoka nje ili mwili wake usivuruge hewa ya humo. Mtoto alisogeza uso hadi pua ikakaribia kuugusa uzi. Timazi haikusogea. Mzee akamuuliza ana kilo ngapi, akasema ishirini na nane. Basi aliye chini, anayeshindana nawe, ana ngapi? Wote wawili wakanigeukia. Nikawaambia: sita, ikifuatwa na sifuri ishirini na nne. Mzee akampa mtoto penseli yake ya kuwekea alama, naye akaanza kuziandika sifuri kwenye ukuta usiopigwa lipu, tofali baada ya tofali, akihesabu kwa sauti. Alipomaliza akarudia kuhesabu toka mwanzo, akakuta ameruka moja, akaiongeza.