Bibi Mwenye Kijibwa: Hadithi na Picha Yake

Anton Chekhov aliitoa hadithi yake fupi "Bibi Mwenye Kijibwa" mwaka 1899. Mwaka 1960, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mtungaji huyo, Iosif Kheifits aliigeuza kuwa picha ya sinema katika lugha ya Kirusi, chini ya studio za Lenfilm. Picha hiyo husifiwa kwa uaminifu wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yafaa tuulize uaminifu huo umefika wapi na umekomea wapi.

Habari yenyewe ni nyepesi kusimulia. Dmitri Gurov, mtu wa benki kutoka Moscow, mwenye mke na watoto watatu, akutana na Anna Sergeyevna huko Yalta, mji wa mapumziko kando ya Bahari Nyeusi. Anna naye ni mke wa mtu. Wanaingia katika mapenzi, wanaagana, na kila mmoja anarejea kwake. Gurov adhani atamsahau, asiweze. Amfuata mjini kwake, amwona katika jumba la michezo, na tangu hapo wanakutana kwa siri katika hoteli moja ya Moscow. Hadithi yaishia hapo, bila ya hukumu wala dawa.

Macho hayana pazia, lakini moyo unalo. Mtungaji wa hadithi hulifunua pazia hilo apendapo: hutuambia kuwa Gurov ana maisha mawili, moja la wazi lililojaa uongo, na moja la siri ambalo ndilo la kweli. Mwongozaji wa sinema hana ila vitu vya nje. Kheifits avitumia kwa ustadi. Ua mrefu wa mbao mbele ya nyumba ya Anna watosha kueleza ndoa yake. Gurov ajaribu kumdokezea mwenzake habari za mapenzi yake, na mwenzake amjibu kuwa samaki waliyekula alikuwa na harufu; hapo twauona upweke wake pasipo kuelezwa. Iya Savvina, aliyekuwa bado mgeni katika sinema, amcheza Anna kwa haya isiyo ya kubuni.

Kasoro iko kwa Gurov. Katika hadithi, mtu huyu mwanzoni hapendezi. Amezoea kuwahadaa wanawake na kuwadharau, ingawa hawezi kukaa bila wao. Anna aliapo kwa majuto baada ya kosa lao la kwanza, yeye akata tikiti maji na kula polepole, kimya. Msomaji humhukumu, tena kwa haki. Lakini Aleksey Batalov ana uso wa upole na huzuni tangu aonekanapo mara ya kwanza. Mtazamaji humhurumia kabla hajastahili kuhurumiwa. Safari ya kutoka dharau hadi mapenzi imefupishwa, kwa kuwa msafiri ameanza karibu na mwisho wa njia.

Upungufu huo si mdogo. Watu wawili wema waliofungwa katika ndoa mbaya ni jambo la kusikitisha, na visa vya namna hiyo ni vingi. Chekhov asema neno gumu zaidi: kwamba mapenzi ya kweli yaweza kuzaliwa katika tendo la aibu, na kumfanya mtu awe mtu akiwa nywele zimekwisha kuingia mvi. Gurov ajionapo katika kioo cha hoteli na kutambua kuwa sasa tu ndiyo apenda, msomaji hulazimika kuitazama upya hukumu aliyokwisha kuitoa. Mtazamaji wa sinema hana hukumu ya kuitazama upya.

Kwa hiyo picha hii yastahili kutazamwa, na hadithi isomwe kwanza. Tena, yeyote atakaye kugeuza hadithi kuwa mchezo na akumbuke kuwa kuyahifadhi matukio hakutoshi. Yampasa auhifadhi pia umbali ambao mhusika ameutembea.