Boza la Maji au la Mafuta? Tangi Lenyewe Linasema

Bomba likikauka Madale, Dar es Salaam, maji hupandishwa na boza, mara nyingi lori kuukuu lenye tangi la buluu lililoandikwa MAJI SAFI ubavuni. Maandishi hayo ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye brashi. Anayetaka kujua tangi liliundwa kubeba nini asitazame rangi, wala asiitegemee chasisi, kwa kuwa chasisi moja huvishwa bodi za kila namna.

Malori ya zamani ya jeshi la Marekani yanalionyesha hili vizuri, kwani maboza ya aina zote mbili yaliundwa juu ya gari lile lile. Katika familia ya M35, lori la ekseli tatu zote zinazovuta, boza la mafuta ni M49 lenye galoni 1,200 za Marekani, sawa na lita 4,540 hivi. Boza la maji ni M50, galoni 1,000, lita 3,785. Kwa nini la maji lipunguzwe? Lita ya maji ina kilo moja kamili, ya petroli ina takriban gramu 740. M49 iliyojaa petroli hubeba karibu tani 3.4, M50 iliyojaa maji, karibu tani 3.8. Tangi dogo ndilo lenye mzigo mzito. Basi ukiona tangi kubwa mno kwa gari lake, shuku mafuta kwanza.

Kipimo hicho hakitoshi kila mahali. Kwenye GMC CCKW ya Vita Kuu ya Pili, mafuta yalikuwa galoni 750 na maji 700, tofauti ambayo jicho haliioni. Hapo hesabu matangi: mafuta yaligawanywa katika matangi mawili ya galoni 375 kila moja.

Suala la ukubwa wa tangi lina uzito kwa watu wa Madale. Tangi la ukubwa wa M49 likijazwa maji hadi juu hubeba zaidi ya tani 4.5, yaani tani nzima na ushei kupita petroli lililoundiwa. Breki na springi za gari kuukuu ndizo zinazolipa, tena kwenye mteremko.

Baada ya ujazo, tazama vifaa. Boza la mafuta huwa na waya au mnyororo wa ethi wa kutoa umeme tuli kabla cheche haijaruka, mahali pa mitungi ya kuzimia moto, na mita na chujio karibu na pampu. Vikishang'olewa, huacha mashimo ya bolti na viraka vya kuchomelea, na mimi huamini kiraka kuliko maelezo ya muuzaji. Nchini kwetu kuna ushahidi mwingine: matangi ya mafuta hupimwa na Wakala wa Vipimo, wenye kituo Misugusugu, Kibaha, na kila chumba hupewa kijiti chake cha kupimia. Ulizia karatasi za upimaji huo kabla ya kulipa.

Mwisho panda juu, fungua mfuniko, mulika ndani kwa tochi. Usiwashe kiberiti. Tangi la maji ya kunywa linatakiwa liwe na rangi maalumu ya ndani au chuma kisichoshika kutu, na mfuniko mpana wa kumpitisha mtu wa kusafisha. La mafuta ya zamani ni hatari zaidi kuliko harufu yake: kabla ya 2006 petroli ya Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa bado na risasi, na mashapo hujificha kwenye maungio na nyuma ya kuta za kuzuia mawimbi. Sabuni haiyafikii. Fundi naye asiguse tangi hilo kwa moto wa kuchomelea kabla halijatolewa mvuke wote, hata kama limekaa tupu miaka mingi. Joto la mwale huamsha mabaki kuwa gesi, na tangi hulipuka naye akiwa juu yake.