Brashi Hairudi Nyuma

Katika sanaa ya Kichina ya kuandika kwa brashi kuna maandishi matatu yanayotajwa kuwa bora kuliko yote ya hati ya mtiririko, ile hati ya haraka kidogo inayounganisha mistari lakini bado inasomeka. Yote matatu ni rasimu. Yana maneno yaliyokatwa, maneno yaliyochomekwa, na mahali ambapo mwandishi alibadili nia katikati ya mstari. Mimi ni mgeni, Kichina cha kale nakisoma kwa msaada wa wafasiri, lakini uchaguzi huo umenifanya niwapende watu waliouchagua.

Maana watu hao hawakuuchukulia mwandiko kama jambo dogo. Enzi ya Tang, aliyefaulu mtihani wa serikali alikaguliwa tena kabla ya kupewa kazi: umbo lake, usemi wake, mwandiko wake, na jinsi anavyotoa hukumu. Hati mbaya ilitosha kumkwamisha msomi mzuri. Ungetarajia taifa la namna hiyo liinue juu nakala safi, iliyonyooka, isiyo na doa.

Ufundi wenyewe huanza kabla ya neno la kwanza. Wino ni kipande kikavu cha masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochomwa, yaliyokandwa kwa gundi ya wanyama. Husuguliwa taratibu juu ya jiwe lenye maji kidogo, na anayesugua hupata nafasi ya kutulia. Brashi ni ya nywele za mbuzi, sungura au kicheche. Ikishiba wino hutuna, ikiinuliwa huchongoka, kwa hiyo mkono mmoja unaweza kutoa mstari mnene kama kidole na mwembamba kama uzi bila kubadilisha chombo. Karatasi inayosifiwa zaidi hutoka wilaya ya Jing mkoani Anhui, nayo hutengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga. Hunywa wino papo hapo. Brashi ikisita, doa linatanuka. Ikiharakishwa, nyufa nyeupe zinabaki ndani ya mstari. Huwezi kurudi kuziba, kwa kuwa jicho lililofunzwa litauona mkono wa pili mara moja.

Tena kila herufi ina utaratibu wake: mstari huu kwanza, ule baadaye. Ndiyo maana ukishaujua utaratibu huo unaweza kuufuata mkono wa mtu aliyekufa zamani, ukaona alipokaza, alipopumua, alipochovya tena wino. Sijui sanaa nyingine ya kale inayomleta mtu karibu kiasi hiki.

Rasimu ya kwanza ni ya Wang Xizhi, mwaka 353, karibu na Shaoxing, siku ambayo marafiki walikaa kando ya kijito wakiacha vikombe vya mvinyo vielee majini na kutunga mashairi. Ya asili imepotea. Zipo nakala tu, na wanakili wa enzi ya Tang waliyanakili hata masahihisho yake, kwa uangalifu uleule walioutumia kunakili uzuri wake.

Ya pili siwezi kuitazama nikabaki nilivyokuwa. Mwaka 755 An Lushan aliasi dhidi ya dola ya Tang. Yan Gaoqing, liwali wa Changshan, alikataa kuwafuata waasi. Mwaka uliofuata mji ulianguka, naye akauawa pamoja na mwanawe kijana, Yan Jiming, na watu wengine wengi wa ukoo wao. Mwaka 758 binamu yake Gaoqing, Yan Zhenqing, alipata kichwa cha kijana huyo. Mwili haukupatikana. Akaketi kuandika maneno ya kumtolea sadaka ya maziko.

Mistari ya mwanzo imetulia, kama inavyompasa ofisa anayetaja tarehe na cheo chake. Kisha anafika kwenye kuanguka kwa mji. Anaandika, anakata, anaandika tena, anakata tena. Wino unapungua na brashi inakwaruza, lakini hasimami kuchovya. Kuelekea mwisho herufi zinakimbizana. Yan Zhenqing alikuwa maarufu kwa hati pana, imara, iliyosimama kama nguzo. Hapa hakuwa na habari na hati.

Wachina wengi husema uzuri wa maandishi haya unatoka katika uadilifu wake, kwa kuwa naye baadaye, mwaka 785, aliuawa kwa kukataa kumtumikia muasi mwingine. Siamini kwamba mwandiko huonyesha wema wa mtu. Waovu wenye hati nzuri wamekuwapo, China na kwingineko. Ninachoamini ni kwamba kwa miaka mingi mkono huu ulifunzwa hadi ukaweza kuandika bila kusimamiwa, na siku mwenye mkono alipovunjika, mkono haukuvunjika naye.

Ya tatu ni ya Su Shi, aliyefukuziwa Huangzhou kwa sababu ya mashairi yake. Mwaka 1082 aliandika juu ya mvua isiyokatika na jiko lililovunjika, na herufi zikazidi kukua kadiri huzuni ilivyozidi. Pembezoni mwa karatasi hiyo pana alama za moto wa zamani. Tena mwaka 1923, Tokyo ilipoungua baada ya tetemeko, aliyekuwa nayo huko aliingia katika nyumba inayowaka akaitoa. Leo imehifadhiwa Taipei, pamoja na maneno ya rafiki yake Su Shi, Huang Tingjian, naye bingwa wa brashi, ambaye alishuhudia kwamba hata Su mwenyewe akiambiwa aandike upya, huenda asifike hapo.