Msimu Usiokwisha: Suala la Wakati katika Tahidi High

Neno "msimu", kama linavyotumiwa kuhusu tamthilia za televisheni, lina ugeni fulani katika ukanda wa chai wa Kericho na Bomet. Mahindi yana msimu, chai haina. Mvua hunyesha takriban mwaka mzima, na mchai uliochumwa leo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Mkulima mdogo anayepeleka majani katika kiwanda cha Kapkatet au Kapkoros huupima mwaka kwa malipo ya kila mwezi, kwa bonasi ambayo aghalabu hufika kabla ya Oktoba kwisha, na kwa mihula mitatu ya shule ambayo karo yake huingojea bonasi hiyo. Kwa mtazamaji wa aina hii, kidato cha nne ni tarehe inayojulikana tangu siku mtoto alipoingia kidato cha kwanza. Ni kwa jicho lake ndipo udhaifu mkuu wa Tahidi High unapodhihirika.

Tamthilia hii ya Citizen TV, iliyoanza katika muongo wa kwanza wa karne hii, imesifiwa kwa lugha yake, na inastahili. Kiswahili, Kiingereza na Sheng hupishana vinywani mwa wanafunzi bila kuomba radhi. Hata jina lina mvuto. Sikio la Mswahili husikia katika "jitahidi" kirejeshi "ji-", likakivua. Kumbe kwa asili ya Kiarabu jimu hiyo ni herufi ya mzizi uleule uliotupa "juhudi". Yamkini waandishi hawakukusudia hivyo, lakini shule yao imebeba jina la juhudi iliyokatwa mzizi.

Tatizo limo katika msuko. Omosh (Joseph Kinuthia), OJ (Dennis Mugo) na Tanya (Sarah Hassan) ni wahusika waliopendwa mno, na kwa sababu hiyo haikuwa rahisi kuwaachia wahitimu. Nyuso zilikomaa, sare haikubadilika. Watazamaji wakafanya utani kuhusu wanafunzi wasiomaliza shule. Kila kipindi huzua kisa chake na kukifunga, na wiki inayofuata uwanja ni mweupe tena.

Mtetezi atasema kwamba kichekesho kina haki ya wakati wa duara. Abunuwasi hazeeki, wala hakuna amwulizaye umri wake. Hoja hii ina nguvu, nayo inatosha kwa vituko vya Omosh. Haitoshi pale tamthilia inapogusa mambo mazito, mihadarati kwa mfano, kwani jambo zito hupimwa kwa kile linachoacha nyuma.

Tamthilia ya Kanada, Degrassi, inafaa kulinganishwa hapa. Katika msimu wa nne wa awamu iliyoanza mwaka 2001, mwanafunzi aliyedhalilishwa hadharani anarudi shuleni na bunduki. Jimmy, anayeigizwa na Aubrey Graham, ambaye baadaye alijulikana kama Drake, anapigwa risasi mgongoni. Kipindi kinakwisha; kiti cha magurudumu kinabaki, msimu baada ya msimu. Spinner, rafiki aliyeshiriki katika udhalilishaji ule na kuacha Jimmy asingiziwe, naye anaandamwa na hatia yake. Wakati wa tamthilia hii unavuka hata vizazi: Emma, mmoja wa wahusika wakuu wa mwaka 2001, ni mtoto wa Spike, msichana aliyeshika mimba akiwa mwanafunzi katika Degrassi ya miaka ya 1980. Ploti yake mara nyingi hulemewa na mahubiri, lakini haisahau.

Si haki kuidai Tahidi High fedha za Toronto. Kukumbuka, hata hivyo, hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mwandishi anayekubali kumpoteza mhusika apendwaye. Mwaka 2023 mitambo ya kuchumia chai iliteketezwa Kericho na watu waliohofia ajira zao. Kwa mtoto wa mchumaji, miaka minne ya sekondari ina uzito ambao mzaha wa mwanafunzi wa daima hauwezi kuubeba. Na sasa kidato chenyewe kinatoweka: mtihani wa mwisho wa KCSE umepangwa kufanywa mwaka 2027, na hata Omosh hatakuwa na darasa la kurudia.