OpenMRS ndani ya folda moja

OpenMRS ni programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kubuniwa mwaka 2004, baada ya Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, kufika Eldoret, Kenya, na kukuta mfumo wa mpango wa matibabu wa AMPATH, uliojengwa kwa Microsoft Access, ukielemewa na wingi wa wagonjwa. Hamish Fraser wa Partners In Health na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini wakaungana nao. Februari 2006 programu ilianza kazi Eldoret, na Agosti mwaka huohuo ikaanza Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Baadaye Wizara ya Afya ya Rwanda iliichagua itumike katika vituo vya nchi nzima. Kuenea huko kulileta swali ambalo kila mwandishi wa programu hukutana nalo siku kazi inapokamilika: mtu ambaye hakuiandika ataiwashaje kwenye kompyuta yake mwenyewe?

Swali ni gumu kwa sababu OpenMRS haisimami peke yake. Imeandikwa kwa Java, kwa hiyo haiwaki pasipo Java. Hutolewa kama faili la WAR, ambalo halifanyi lolote mpaka liwekwe ndani ya seva kama Tomcat. Kumbukumbu zenyewe hukaa katika hifadhidata ya MySQL, na mtumiaji huziona kupitia kivinjari. Mwandishi wa programu ana vyote hivyo kwenye mashine yake, tena alivisakinisha zamani hata havihesabu tena. Akimtumia mwenzake faili la WAR peke yake, amempa sehemu ndogo ya kile kinachofanya kazi mezani kwake.

Mtu anayepokea ana mazingira tofauti kabisa. Muhima, wilayani Nyarugenge, kati ya katikati ya jiji la Kigali na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kuna hospitali ya wilaya inayojulikana zaidi kwa huduma za uzazi. Mahali pa namna hiyo, penye akina mama wengi na rejista zinazojaa upesi, karani wa takwimu huwa hodari wa rejista na wa Excel, lakini kusimamia seva si kazi yake. Kumwagiza asakinishe Tomcat, afungue akaunti ya MySQL, kisha ahariri faili la mipangilio ili viwili hivyo vijuane, ni kumwambia asubiri fundi. Na mafundi wa aina hiyo hawakuwa wengi: ndiyo sababu mjini Kigali kuliendeshwa mafunzo maalumu ya kuandaa waandishi wa programu za afya, ambayo yalijengwa juu ya OpenMRS.

Jibu la jumuiya ya OpenMRS lilikuwa toleo liitwalo OpenMRS Standalone. Wazo lake ni kufungasha programu pamoja na vitu inavyovitegemea. Mtumiaji hupakua faili moja la ZIP, hulifungua mahali anapotaka, hupata folda, na ndani ya folda hubofya mara mbili faili la openmrs-standalone.jar. Faili hilo huwasha MySQL iliyomo humohumo, kisha Tomcat iliyomo humohumo, kisha hufungua kivinjari kwenye ukurasa wa kuingilia. Hakuna kinachosajiliwa ndani ya Windows, na haki za msimamizi wa kompyuta hazihitajiki ili kusakinisha chochote. Kuizima ni kufunga dirisha dogo lake, na Tomcat na MySQL huzimika pamoja nalo.

Katika matoleo ya karibuni, mara ya kwanza programu inapowaka, mtumiaji huulizwa anataka kuanza vipi: kwa wagonjwa wa mfano wa kujifunzia, kwa hifadhidata isiyo na wagonjwa ila yenye istilahi za tiba zilizoandaliwa tayari, au kwa hali ya wataalamu, ambayo humwachia ajenge yote mwenyewe. Uamuzi wa kuweka njia ya kati ulikuwa wa busara sana. Programu ya hospitali isiyojua hata neno moja la ugonjwa au la dawa ni tupu kama kabati jipya, na kuijaza istilahi ni kazi ya miezi. Kamusi ya CIEL, inayotunzwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, imewaokolea watu wengi miezi hiyo.

Uangalifu wa waliofungasha unaonekana pia katika namba. Kwa kawaida Tomcat husikiliza kwenye lango 8080, na MySQL kwenye lango 3306. Standalone hutumia 8081 na 3316. Tofauti ni ndogo, lakini bila hiyo kompyuta ambayo tayari ina MySQL kwa ajili ya kazi nyingine ingegoma, na karani angeona maneno ya kosa asiyoyaelewa. Anayesambaza programu hana budi kudhani kwamba mashine anayoipelekea ina wapangaji wengine, na awapishe.

Kitu kimoja kiliachwa nje ya furushi, nacho ni Java yenyewe. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa. Matoleo mengi ya familia ya 2 ya OpenMRS yalitengenezwa kwa Java 8. Mtu akiweka Java mpya zaidi kwa kudhani kipya ndicho bora, programu huweza kukataa kuwaka, wakati mwingine bila kueleza sababu. Kuibeba Java ndani ya folda kungeongeza ukubwa wa faili na kulazimu ZIP tofauti kwa Windows, Linux na Mac, na hiyo ni gharama ya kweli. Hata hivyo mzigo huo ungekuwa mwepesi kwa waliofungasha kuliko kwa karani asiye na fundi. Kuna jambo jingine la aina hiyo: inashauriwa njia ya folda isiwe na nafasi kati ya maneno. Folda iliyowekwa moja kwa moja kwenye C: haisumbui, ile iliyozikwa ndani ya folda yenye jina la maneno mawili huweza kusumbua.

Anayempelekea mwenzake programu kwa flashi ampe ZIP ileile iliyopakuliwa kutoka chanzo rasmi, pamoja na toleo la Java linaloifaa. Leseni yake, Mozilla Public License 2.0 yenye nyongeza ya tahadhari kuhusu matumizi ya tiba, inaruhusu kunakili na kugawa bila kuomba ruhusa. Asigawe folda ambayo imekwisha kutumika. Onyo hili lina uzito, kwa sababu urahisi wa Standalone ndio unaoleta hatari: hifadhidata imo ndani ya folda ileile yenye programu. Anayenakili folda iliyofanya kazi kituoni ananakili majina, vipimo na historia za wagonjwa wote, na hakuna kitu kinachomzuia. Rwanda ina Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, na taarifa za afya ni miongoni mwa data nyeti. Neno la siri la mwanzo nalo, Admin123, limechapishwa wazi katika maelezo ya programu. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa, libadilishwe.

Standalone ina mpaka wake, na wenye programu waliutaja bila kuficha: inafaa kujaribia, kufundishia, na vituo vidogo vyenye kumbukumbu za wagonjwa chini ya 10,000 hivi. Hospitali yenye akina mama wengi wanaojifungua huvuka kiwango hicho haraka. Ikivuka, njia ni kurudi kwenye WAR: hifadhidata hutolewa kama faili la SQL, huingizwa katika MySQL iliyosimama yenyewe kwenye seva, na moduli za nyongeza, ambazo ni mafaili ya omod, huhamishwa pamoja nayo kwa matoleo yaleyale. Kompyuta nyingine za kituo huingia kupitia kivinjari bila kusakinishiwa chochote. Familia ya OpenMRS 3 hufungashwa zaidi kwa Docker, ambayo hubeba seva, hifadhidata na hata Java yenyewe katika makasha yanayowaka kwa amri moja, ingawa Docker nayo lazima isakinishwe kwanza, na mwenye kuisakinisha awe na haki za msimamizi wa kompyuta.