Subira ya Msomaji Ina Malipo Yake

Hadithi ya safari za ajabu ikienda taratibu, usiipime kwa wingi wa kurasa. Tazama mwandishi amekukopa nini, na anakulipa nini.

Shika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952. Ibura ametumwa na Mfalme Rai kudai kodi. Usiku anachungulia, anamwona mwenyeji wake mpole, Adili, akiwacharaza nyani wawili mjeledi huku mwenyewe analia. Kisha anawafuta machozi na kuwalisha. Kwa nini? Hatuambiwi. Swali hilo tunalibeba hadi mbele ya mfalme, ndipo Adili anaposimulia bahari, mji ambao watu wake waligeuka mawe, na husuda ya nduguze, Hasidi na Mbaya, waliogeuzwa nyani hao. Utamu uko hapa: hatukufichwa kwa hila. Tulikuwa tumesimama na Ibura, naye alikuwa hajui. Msimulizi anayejua jibu akalibana mdomoni ili tu kukutia taharuki, huyo anakupunja. Rudi sasa kwenye machozi ya usiku ule: kila mjeledi unatua juu ya damu yake mwenyewe.

Mwendo wa taratibu ulio mbovu nao una alama yake. Ni milima baada ya milima, vita baada ya vita, na shujaa anatoka katika kila sura vile vile alivyoingia. Iruke sura ya namna hiyo; kama hakuna kinachotikisika mbele, ilikuwa ya kujazia.

Wengi humlalamikia Tolkien kwa kwenda taratibu. Katika The Lord of the Rings, miaka 17 inapita kati ya Frodo kuachiwa pete na Bilbo, mzee wake, na mchawi Gandalf kumweleza hatari yake, na kabla ya kuondoka kuna vyakula, nyimbo na majirani tele. Mimi nawapenda majirani hao. Kijiji usichokizoea hakikuumi ukikiacha. Lakini malipo makubwa kuliko yote yamefukiwa nyuma zaidi, katika kitabu chake cha awali, The Hobbit. Katika toleo la 1937, Bilbo na Gollum, aliyekuwa na pete hiyo kabla yake, waliagana kwa amani. Tolkien akaiandika upya sura hiyo, ikatoka 1951: Bilbo, haonekani kwa kuivaa pete, upanga mkononi, anamwonea huruma adui yake, anamruka gizani na kukimbia. Mwaka 1955 likatoka juzuu la mwisho la safari ya Frodo. Pale ukingoni mwa moto alikopaswa kuitupa pete, Frodo anashindwa, anaitwaa iwe yake. Gollum anamng'ata kidole na kutumbukia nayo. Uondoe ule mruko wa gizani, kisha utazame pete inabaki mkononi mwa nani.