Kupima Ubora wa Matengenezo ya Kompyuta za Linux katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Matengenezo ya kompyuta zinazoendeshwa na Linux, yaani mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadili, hupimwa kwa kigezo kimoja kinachotangulia vingine vyote, nacho ni uwezo wa fundi kueleza, kwa ushahidi uliomo ndani ya mashine yenyewe, kwa nini hitilafu ilitokea. Mashine kuwaka tena hakutoshi kuwa ushahidi. Kompyuta iliyozimika kwa joto huwaka ikishapoa, na kadi ya memori inayokufa huweza kusomeka wiki nzima kabla ya kunyamaza kabisa, hivyo kwamba mteja hulipia kazi ambayo haikufanyika. Kigezo hiki kina uzito wa pekee Mbulu na Hanang, wilaya mbili za kaskazini mwa Tanzania, ambako mashine iliyoharibika Haydom, Dongobesh au Basotu mara nyingi hulazimika kufungwa kwenye boksi na kupandishwa basi, na ambako hitilafu iliyofichwa badala ya kutatuliwa humrudisha mwenye mashine barabarani kwa nauli ileile.

Alama ya kwanza ya kazi nzuri huonekana kabla fundi hajagusa kitu. Linux huandika habari zake katika kumbukumbu za mfumo, ambazo mafundi huziita logi, na fundi bora huzisoma kwanza: amri `journalctl -b -1 -p err` humwonyesha makosa yaliyoandikwa katika kipindi cha uwashaji uliopita, yaani kabla mashine haijazimika, na `dmesg` humwonyesha yale ambayo kiini cha mfumo kimeyaona kwenye vifaa tangu mashine ilipowashwa. Katika baadhi ya mifumo logi hizo huhifadhiwa kwenye memori ya muda tu na hupotea umeme unapokatika, kwa hiyo fundi anayejali kazi yake huunda saraka ya `/var/log/journal` ili ziandikwe kwenye diski, ingawa mteja hakumwomba, kwa kuwa hitilafu ijayo itahitaji shahidi. Kinyume chake ni desturi ya kufuta kila kitu na kusimika mfumo upya, ile ambayo mitaani huitwa kupiga window, na ambayo imehamia kwenye Linux bila sababu ya msingi. Kusimika upya kuna mahali pake, hasa pale mfumo ulipovamiwa na watu wasiojulikana, lakini kukiwa jibu la kila swali huwa ni kukiri kwamba chanzo hakikutafutwa.

Umeme ndio unaotenganisha fundi hodari na mbahatishaji katika wilaya hizi. Radi za masika kwenye nyanda za juu za Mbulu, kukatika na kurudi kwa ghafla kwa umeme wa TANESCO, pamoja na mitambo ya jua yenye betri zilizochoka, vyote huathiri mashine kwa njia ambazo mtazamaji wa haraka huzidhania kuwa hitilafu za programu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyoingia sokoni mwaka 2012 na kupendwa na wanafunzi na wabunifu kwa kuwa hutumia umeme kidogo na huweza kubeba maktaba ya Kolibri au Wikipedia ya Kiwix kwa ajili ya shule isiyo na intaneti. Bodi hiyo huhitaji volti 5, na volti zikishuka chini ya takriban 4.63 hutoa onyo na kupunguza kasi yake. Waya wa chaja wenye ukinzani wa nusu omu unapopitisha ampea 1 hupoteza nusu volti, kwa hiyo chaja inayotoa volti 5.1 kamili hufikisha 4.6 tu mwisho wa waya huo, na bodi huanza kuyumba ingawa chaja haina kasoro hata moja. Fundi bora hatabadilisha chaja kwa kubahatisha. Atatoa amri `vcgencmd get_throttled` na kulisoma jibu lake. Likiwa `0x50005`, tarakimu ya mwisho humwambia kwamba volti ziko chini na kasi imepunguzwa wakati huohuo, na 5 ya mwanzo kwamba hali hiyo imepata kutokea tangu bodi ilipowashwa. Likiwa `0x50000`, tatizo lilitokea na kupita, pengine pale pampu au mashine ya kusaga ya jirani ilipowashwa. Likiwa `0x0`, umeme hauna hatia na uchunguzi uelekezwe kwingine. Tofauti ya majibu hayo matatu huonekana ndogo kwenye kioo, lakini humwokoa mteja kununua kadi mpya wakati kilichohitajika ni waya mfupi na mnene zaidi.

Umeme unapokatika katikati ya uandishi, mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoonyesha kila faili liko sehemu gani ya diski, huweza kubaki na mapengo. Mfumo wa ext4, unaotumika sana katika Linux, huweka shajara ya mabadiliko ambayo huuwezesha kujirekebisha mara nyingi, na ukikutana na kosa usiloliweza huweza kupangwa ujifunge usomeke tu bila kuandikwa, ili uharibifu usienee. Hapa ndipo pa kumtazama fundi kwa makini. Mwenye haraka huona kufungwa huko kuwa ndiyo hitilafu, hulazimisha diski iandikike tena, na huondoka. Mwenye ujuzi huelewa kwamba mfumo umejikinga, hivyo hunakili kwanza data zinazosomeka, kisha huuliza hali ya diski kwa `smartctl -a` na kutazama idadi ya sehemu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa, kwa sababu idadi inayopanda kutoka siku moja hadi nyingine inamaanisha diski inakufa na hakuna amri itakayoifufua. Amri ya `fsck`, inayorekebisha mfumo wa faili, hutolewa tu diski ikiwa imeshushwa, yaani haitumiki na mfumo kwa wakati huo. Fundi anayeielekeza kwenye diski inayoendelea kuandikwa anaweza kugeuza jeraha dogo kuwa maangamizi, na mteja aliyeshuhudia jambo hilo ana haki ya kuchukua mashine yake na kuondoka.

Saa nayo hudanganya wengi. Matoleo yote ya Raspberry Pi yaliyotangulia la tano, lililotoka mwaka 2023, hayana saa ya ndani yenye betri, kwa hiyo bodi iliyozimika usiku kucha huamka asubuhi ikidhani bado ni jana jioni, na kompyuta mpakato ya zamani ambayo betri yake ndogo ya volti 3 imekwisha huweza kurudi miaka mingi nyuma. Matokeo yake hayafanani kabisa na tatizo la saa: kivinjari hukataa tovuti kwa madai kwamba cheti chake cha usalama hakijaanza kutumika, na programu ya `apt`, inayoleta masasisho, hulalamika kwamba orodha ya vifurushi haijafikia muda wake. Asiyejua huanza kulaumu mtandao wa simu au kuzima ukaguzi wa vyeti, na hatua hiyo ya pili ni mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Anayejua huandika `date` kabla ya kitu kingine chochote, na mahali pasipo na intaneti ya kusahihisha saa hufunga kifaa kidogo cha saa aina ya DS3231, ambacho hupotea kwa takriban dakika moja tu kwa mwaka.

Vumbi halihitaji maelezo marefu. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yanapolimwa, na upepo wa kiangazi unapoinua magadi kwenye kingo kavu za ziwa Balangida, feni na mapezi ya kupozea huziba, na vumbi lenye chumvi likipata unyevu hula miguu ya vifaa kwenye bodi. Ubora hupimwa kwa namba: fundi aonyeshe joto la kichakataji kwa amri ya `sensors` kabla na baada ya kusafisha, mashine ikiwa kazini, si ikiwa imepumzika.

Kuna kipengele kimoja ambacho miongozo ya nje haiwezi kukigusa, nacho kinastahili kupewa nafasi. Kiiraqw, lugha ya wenyeji wengi wa Mbulu na ya sehemu ya wakazi wa Hanang, huandikwa kwa tahajia ambamo mkwaju, alama ya `/`, ni herufi kamili inayosimamia sauti ya kooni. Ndivyo ilivyo katika kamusi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling iliyochapishwa mwaka 2002. Linux nayo imeuteua mkwaju huo kuwa mpaka kati ya saraka moja na nyingine, na ni moja kati ya alama mbili tu zisizoruhusiwa kabisa ndani ya jina la faili. Mwalimu anayejaribu kuhifadhi hadithi yenye jina linaloanza kwa mkwaju kupitia amri ataambiwa kwamba hana ruhusa, kwa kuwa mfumo umeelewa kwamba anataka kuandika kwenye mzizi wa diski, na mkwaju ukiwa katikati ya neno ataambiwa kwamba saraka haipo. Fundi dhaifu atamwagiza aache kuandika lugha yake sawasawa. Mwingine atampa alama inayofanana na mkwaju kwa macho lakini yenye namba tofauti ndani ya kompyuta, suluhisho linalopendeza hadi siku mtu atakapolitafuta faili kwa mkwaju wa kibodi na kulikosa. Fundi anayeheshimu lugha pamoja na mashine hutaja faili kwa namba, huacha maandishi ya ndani yakiwa na tahajia yake kamili, na huweka orodha ya majina halisi katika jedwali ambalo mkwaju hauna madhara. Kiswahili kilipata programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa na kuitwa Jambo OpenOffice, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 2004. Lugha kama Kiiraqw na Kidatooga bado zinategemea busara ya fundi mmojammoja, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kumdai busara hiyo.

Ruhusa za faili hutoa kipimo cha haraka zaidi. Linux hutofautisha mwenye faili, kundi lake na watu wengine, na programu inapokataa kusoma kitu, njia ya mkato ni `chmod -R 777`, inayomruhusu kila mtu kufanya kila kitu. Ikikutwa katika historia ya amri za mashine iliyotoka kutengenezwa, kazi hiyo ihesabiwe kuwa haijakamilika hata kama kila kitu kinafanya kazi, kwa kuwa fundi ameng'oa mlango badala ya kutafuta ufunguo. Kazi iliyokamilika huacha pia nakala ya kila faili la mipangilio lililobadilishwa, pamoja na ukurasa wa daftari unaotaja tarehe, amri zilizotumika na sababu yake, ili fundi mwingine, awe Katesh au Mbulu mjini, aweze kuendelea au kurudisha mambo yalivyokuwa.

Mwisho ni nakala rudufu, yaani nakala ya data inayotunzwa kando kwa ajili ya siku ya hasara. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang yalifunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Katika msiba wa namna hiyo kompyuta ni jambo dogo, lakini rejesta za wanafunzi, hesabu za vikoba na kumbukumbu za wagonjwa ni sehemu ya kile ambacho walionusurika hukihitaji wanapoanza upya. Diski ya nje inayokaa kwenye droo ileile ya kompyuta hufunikwa na tope lilelile. Kwa hiyo anayepokea kazi ya fundi amtake afanye mambo mawili mbele yake: aonyeshe kwamba nakala moja iko katika jengo lingine, ikiwezekana katika mji mwingine, kisha achague faili moja bila kupanga, alirejeshe kutoka kwenye nakala hiyo hadi kwenye kompyuta nyingine, alifungue, na asome ukurasa wake wa kwanza kwa sauti.